Kunguni Wasiokuwepo

Nkololo, Bariadi
14 Septemba 2025

Mpendwa binamu Winnie,

Mwadila! Habari za huko Songea, za kazi yako wodini na za baridi yenu? Shemeji Method na Rachel hawajambo? Sisi tu wazima, pamba tumeshauza. Ila mimi sijiwezi kwa aibu, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Ni kuhusu nyumba yako ya wageni pale Lamadi. Yule Januarius aliyeipa alama moja kati ya kumi mtandaoni ni mimi, Shigela. Hilo Januarius ndilo jina langu la ubatizo, hata mke wangu hulisahau.

Mwezi wa saba nilikuwa natoka Nassa, nikaweka chumba kwa simu kama mteja ili nikuungishe. Asubuhi simu ikaniuliza nimeonaje. Mtoto wa shangazi ni mtani wangu bwana, nikaona nikuchokoze! Nikaandika kwamba kunguni wa pale ni wakubwa kama ndama na mwenye nyumba ni mchoyo. Nikacheka peke yangu. Nilidhani ujumbe unakufikia wewe tu.

Kumbe wapi! Fabian wa steshenari pale mjini ndiye aliyenifungua macho. Mtandao unajumlisha alama za wote waliolala, unazigawanya, na hiyo ndiyo namba inayokaa kwenye picha ya nyumba. Walioandika kabla yangu walikuwa wanne tu, ukawa na tisa na nusu. Moja yangu ikakushusha hadi saba na nukta nane, nyumba ikasogezwa chini ambako wasafiri hawafiki. Na Wazungu waendao Serengeti wanatafsiriwa kila neno! Nani atakubali kulala na kunguni kama ndama?

Nimeomba maneno yangu yafutwe, yamefutwa, na namba imerudi. Ila lile kundi la watazama ndege lililoghairi kulala kwako halijarudi. Nisamehe, Winnie. Nimekuharibia jasho lako kwa upuuzi.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni shangazi Milembe anayekuangalizia nyumba hiyo. Tangu ulipomsomea yale maneno kwa simu, mama yako anatoa magodoro juani kila asubuhi, anachemsha mashuka, anamwagia vitanda maji ya moto. Na mgongo wake unaujua. Nilipopita kumsalimia aliniomba nimsaidie kubeba, nikabeba kimya kama mwizi.

Jumapili iliyopita baada ya misa nikapiga magoti nikamwambia yote. Hakuamini! Akasema, "Baba, usijibebeshe kosa la mgeni ili mimi nipumzike." Akanishika kichwa akanibariki. Kisha akaniomba nishike upande wa pili wa godoro.

Mpigie wewe, tafadhali, huenda wewe atakuamini.

Wasalimie sana Method na Rachel. Mungu ailinde nyumba yako na watu wako.

Binamu yako akupendaye, uso chini,
Shigela