Vishikio Vipya vya Impala ya Baba

Jumatatu, 8 Aprili 2019
Upepo tangu alfajiri, vumbi, baridi kiasi. Theluji bado iko juu ya milima ya Truchas.

Nimelala chini ya gari, Impala ya baba, kabla ya kwenda kazini. Ni kama nilivyofikiri. Kila likipita kwenye tuta ekseli ya nyuma inagonga chesisi, na shokapu zimefika mwisho, hazina pa kushukia. Karibu na kishikio cha shokapu ya kulia chesisi imeanza kuingia ufa. Nusu inchi. Vishikio vinatakiwa kupandishwa inchi mbili.

Vishikio hivyo alivitengeneza baba mwaka 1984, kwa mkono wake, alipolishusha gari mara ya kwanza likae karibu na ardhi. Nadhani alikosea kipimo.

Nilimwambia wakati wa kifungua kinywa. Alikuwa anapapasa meza kutafuta kikombe. Akasema gari ni langu sasa, nikate. Ila Pasaka yeye hapandi.

Miaka thelathini na tano hajakosa msafara wa Pasaka wa magari yaliyoshushwa. Hata mwaka jana, macho yakiwa yameshakwisha, alikaa mbele akawa anayatambua magari ya wenzake kwa mlio.

Nikamwambia sawa.

Jumatano, 10 Aprili
Mawingu. Nimekata. Dakika arobaini kila upande. Ulehemu wake ulikuwa safi — mistari sawasawa kama mshono wa cherehani. Grainda ilipata shida nayo.

Binamu Fermín akapita na burito mbili za viazi, akachuchumaa kuangalia.

"Wewe binamu, huogopi laana? Unamkata mzee mikono akiwa hai!"

Nikamwambia anipe burito na aondoke kwenye mwanga wangu.

"Na asipopanda?"

"Kiti kitabaki wazi."

"Basi nitakikalia mimi."

Hakucheka aliposema hivyo. Baba alikuwa dirishani. Haoni, lakini grainda anaisikia.

Jumamosi, 13 Aprili
Jua. Digrii kumi na nane mchana. Nimelehemu vishikio vipya, bamba la robo inchi, na ule ufa nimeuziba. Kazi ya saa nne nzima. Nikashusha gari kwenye magurudumu, nikapima: kutoka ekseli hadi chesisi inchi tatu na nusu. Vizuri sana! Betri za pampu, zile za kuinua na kushusha gari, zilikuwa ukutani kwenye chaja, kwa hiyo buti lilikuwa tupu na nilifanya kazi bila kubanwa.

 

Jumapili, 14 Aprili
Kanisani, matawi. Tulikwenda kwa pikapu. Baba alishika tawi lake magotini njia nzima. Akazungumza na padri, akazungumza na mbwa wa padri.

Jumanne, 16 Aprili
Mvua kidogo asubuhi. Jioni nimerudisha betri ndani ya buti. Sita, kila moja kilo thelathini. Gari likakaa. Nikapima kwa mazoea tu.

Inchi moja.

Nikapima tena. Moja.

Nilipima gari tupu! Kilo mia na themanini zilikuwa ukutani na mimi nikaandika inchi tatu na nusu kwa kalamu ya wino. Baba mwaka 1984 alikuwa na betri mbili tu. Hakukosea. Mimi ndiye niliyeongeza nne, majira ya joto yaliyopita, halafu nikamlaumu yeye.

Fermín alipopata habari kwenye simu alicheka mpaka nikamkatia.

Kesho niko kazini, barabara ya kaunti imekatika. Nitakata Alhamisi.

Alhamisi, 18 Aprili
Nimekata vyangu. Dakika kumi na mbili kila upande.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili
Baridi asubuhi, kisha kweupe kabisa. Mahujaji wanapita tangu usiku kuelekea kanisa la Chimayó. Tumeweka maji na machungwa getini. Nilikwenda kuchukua grainda, nisawazishe kingo tu. Baba akanisikia nikifungua banda.

"Leo chuma hakiguswi."

"Ni kusugua tu, Baba."

"Babu yako hakupiga hata msumari siku hii. Funga."

Nikafunga. Tukala torta za mayai kwenye pilipili nyekundu, na dengu. Akiwa na mdomo umejaa akauliza kwa nini gari bado liko juu ya jeki, maana tangu Jumanne hajasikia mlango wake ukifungwa. Nikamweleza. Sikupunguza kitu.

"Betri zilikuwa wapi?"

"Kwenye chaja."

Akatafuna. Halafu mabega yakaanza kumtikisika — anacheka!

"Kesho niwekee kiti bandani," akasema.

Jumamosi, 20 Aprili
Kumetulia, hakuna upepo. Saa mbili asubuhi nikamwekea kiti, kofia kichwani, mgongo kwenye cheche. Nikaanza kulehemu upya, upande wa kushoto.

"Unakimbia."

Nikapunguza mwendo.

"Bado inatapika. Ikaange, binti yangu. Kama yai kwenye mafuta. Unasikia? Hapo. Hapo hapo, usiongeze."

Upande wa kulia ukaisha kwa mlio huo huo. Chuma kilipopoa akaja kukipapasa kwa kidole gumba, kutoka mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Akajifuta mkono kwenye suruali.

Nikarudisha betri zote. Dereva ni mimi, kwa hiyo nikakaa, Fermín akapima. Akacheka peke yake alipoona kilichokaa kando yangu. Baba akauliza kiti cha mbele kina nini.

"Mifuko ya mchanga, ile ya wakati wa theluji. Tisa. Kilo themanini na moja."

"Uzito wa nani?"

"Wako."

"Wangu wa lini?"

Wa kadi ya hospitali ya mwaka juzi, nikasema. Akamtuma Fermín mizani ya bafuni. Akavua viatu, akapanda, mkono kwenye mlango wa gari, kisha akauachia. Akasubiri. Ningeweza kumsomea namba yoyote.

"Sitini na tatu."

Fermín akaangalia sakafu. Baba akashuka, akatafuta viatu kwa mguu.

"Basi ondoa mifuko miwili."

Nikaiondoa. Inchi mbili na robo tatu. Inatosha. Nimeandika kwa penseli.

Hakusema kama atapanda. Akaingia ndani, akalala mchana kutwa.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka
Saa kumi na mbili unusu asubuhi. Anga safi, baridi ndogo. Misa ni saa tatu, msafara ni saa saba. Gari liko nje, limefutwa. Baba yuko jikoni, ameshavaa shati alilopiga pasi mwenyewe. Kola imemzidi vidole viwili. Sijauliza shati hilo ni la misa tu au ni la misa na gari. Kilo kumi na nane kwa miaka miwili. Nilipata usingizi saa tisa na dakika kumi usiku.