Mikono Ninayotembelea

Jumatatu, 4 Mei
Redio mbili zimeletwa nitengeneze, moja imenishinda. Hapa mtaani Ngokolo kumepoa. Wateja wanasimama mbali, wananiuliza bei toka barabarani. Mke wangu Kabula kakohoa kutwa. Anasema ni vumbi la pumba za mashine ya mpunga. Sisadiki.

Jumanne, 5 Mei
Alfajiri Kabula alishindwa kumaliza sentensi. Pumzi inakatika. Jirani kampakia kwenye bajaji, kampeleka hospitali. Mimi na baiskeli yangu ya miguu mitatu hatukuenea. Nimebaki kizingitini kama mzigo. Nina hasira. Naogopa.

Jumatano, 6 Mei
Nimeendesha kwa mikono saa nzima. Getini wameweka ndoo mpya: unakanyaga chuma, maji yanatoka.

"Nawa kwanza, mzee," mlinzi akasema.

Nikamwonyesha miguu yangu. Haijakanyaga kitu tangu duara, shimo la dhahabu, litufukie kule Geita, mwaka wa tisa huu.

"Utaratibu ni utaratibu."

Hakuna aliyenisogelea. Watu wanaogopana. Nikashuka, nikatambaa, nikakandamiza chuma kwa kiwiko. Nikanawa mkono mmoja mmoja. Nikatambaa kurudi kwenye baiskeli. Mlinzi akatazama viganja. Tope.

"Umechafuka tena."

Sasa nitatembelea nini? Nimerudi bila kumwona. Nimelia njiani, barakoa imelowa.

Alhamisi, 7 Mei
Simu yake haipatikani. Sijala. Sijafanya kazi. Nawaza jambo moja tu: akifa, nitaambiwa na mlinzi.

Ijumaa, 8 Mei
Nimerudi na dumu la maji na sabuni. Ng'ambo ya geti kuna bibi anauza chai.

"Shikamoo mama. Naomba unimwagie maji mikononi."

Alisita. Kisha akajifunga khanga puani, akanimwagia. Nikainua mikono juu kama mtu aliyetekwa, yeye akasukuma baiskeli kwa nyuma. Mlinzi akafungua mdomo.

"Kanawa. Umemwona kwa macho yako," bibi akamwambia, bila kusimama.

Akatupisha.

Wodini hawaruhusu kuingia. Nimemwona dirishani. Amekonda, ana mpira wa hewa puani.

"Umekula?" akaniuliza. Yeye, ananiuliza mimi!

Nimemdanganya.

Jumatatu, 18 Mei
Yuko nyumbani tangu jana. Ulikuwa ugonjwa gani, hatukuambiwa. Hatukuuliza pia.

Asubuhi kaanika shuka moja, kapumzika, kaanika la pili. Nilitaka kumkataza, nikamwacha. Sasa amekaa kivulini na kikombe cha uji. Wa moto. Anaupuliza taratibu, pumzi ndefu, moja baada ya nyingine.