Kompyuta Yako Tuliiacha Ikiwaka

Baba Nekesa,

Leo asubuhi wameichukua kompyuta yako. Mafundi wawili walikunja nyaya, wakaipakia kwenye kreti ya mikate kwa sababu hakukuwa na katoni, wakashuka nayo ngazi. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, ingawa sijui huko uliko habari hufikaje.

Sisi ni wazima. Kiwanda kinaoka. Nafasi yako haijapewa mtu, kwa hiyo kazi zako ninazifanya mimi, na zangu nazifanya nikipata muda.

Nianzie pale tulipoachana. Tulikuzika Webuye siku ya Ijumaa, tukarudi Nairobi Jumamosi, na Jumatatu nikaingia ofisini nikakuta skrini yako inawaka. Unakumbuka kile kikaratasi ulichokibandika, USIZIME, baada ya Mama Otis wa usafi kuchomoa waya wako ili achomeke mashine yake ya kung'arisha sakafu. Basi hakuna aliyethubutu kuizima. Mama Otis mwenyewe akawa anaipangusa vumbi kila siku bila kugusa kitufe hata kimoja. Kazi uliyoiacha ilikuwa wazi pale pale: orodha ya depo zetu za kusambazia mikate, Kisumu umeitia alama, Nakuru umeitia alama, halafu "Eld", herufi tatu, hukumaliza kuandika Eldoret. Ni hapo ndipo ulipoanza kushika kifua.

Sasa kosa langu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba programu za kompyuta hutoboka kama shati la mitumba la Gikomba, na watengenezaji hutuma viraka, na kazi yetu ni kuvishona kwenye kila mashine kabla mwizi hajaliona tundu. Tena ulikataa kabisa kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, ukadai mameneja wameichosha methali hiyo. Mashine yako ilikuwa ya kwanza kwenye orodha kila mwezi. Ulikuwa ukisema, "Kama ni ya kuharibu, Shiro, iharibu kwangu kwanza, ndio tupelekee watu."

Lakini kiraka hakishiki mpaka mashine izime na kuwaka upya. Viraka vya kwanza vilipokuja baada ya mazishi, nilifika kwenye jina la mashine yako nikafikiria zile herufi tatu. Zingefungwa, zisionekane tena. Nikaiondolea alama, isipate kiraka. Nilijiambia ni mwezi huu tu. Mwezi wa pili nikaondoa tena, na wa tatu sikuhitaji hata kujiambia kitu. Akaunti yako nayo sikuifunga, kwa sababu niliona kama nakuzika mara ya pili na mara hii peke yangu.

Na wakati huohuo nilikuwa mkali huko nje, ungenicheka. Meneja wa mauzo alikuwa amebonyeza "nikumbushe kesho" kwa wiki nzima. Nilishuka ofisini kwake nikasimama juu ya kichwa chake mpaka mashine ikazima na kuwaka, nikamwambia mbele ya watu wake kwamba mvivu mmoja huwafungulia wezi mlango wa nyumba nzima. Nyani haoni kundule.

Jumanne moja saa kumi na mbili asubuhi madereva walifika kwenye dirisha la kuchukulia karatasi za usambazaji na karatasi hazikutoka. Faili zote zilikuwa zimefungwa na watu tusiowajua. Magari yakapanga foleni mpaka barabarani, mikate imeiva na haina pa kwenda. Wasimamizi walianza kuandika kwa mkono: Gikomba kreti ngapi, Kiamaiko ngapi, dereva mmoja akikumbuka, mwingine akimpinga. Zile nakala za akiba ulizonilazimisha kuzijaribu kila mwezi ndizo zilizotuokoa. Alhamisi tulikuwa tumesimama tena, lakini mikate mingi ya Jumanne ililiwa na nguruwe.

Mtaalamu aliletwa kutoka nje. Alifuata nyayo za wezi mpaka akafika kwenye meza yako. Waliingia kupitia tundu ambalo tulikuwa tumeliziba kila mahali isipokuwa kwenye mashine moja, kisha wakatembea humo ndani kwa jina la mtu aliyezikwa. Meneja wetu akaandika ripoti. Kwenye chanzo aliandika kwamba marehemu hakuwa ameiweka mashine yake kwenye mpango wa masasisho. Aliniita, akafunga mlango, akasema kwa upole kabisa, "Shiro, wewe bado unahitaji hii kazi. Yeye ashapumzika. Haitamuumiza."

Nilinyamaza. Sitakudanganya, Baba Nekesa. Nilinyamaza, nikarudi kwenye meza yangu nikala chakula cha mchana.

Jumapili nikaenda Makadara kumwona Mama Nekesa. Nusu ya majirani zako wanafanya kazi kiwandani, kwa hiyo habari ilikuwa imefika kabla yangu. Alinimiminia chai, akakaa, hakulia. Akasema, "Wanasema ni yeye alisahau. Miaka yote hiyo nilikuwa naenda kanisa peke yangu, watu wakiniuliza mzee wako ako wapi Jumapili. Nilikuwa nawaambia ako kazi, anatengeneza mashine wakati ofisi haina watu. Sasa niwaambie alikuwa wapi?"

Chai ile sikuimaliza. Nilitaka kumwambia palepale nikashindwa, na hilo pia naliona aibu.

Jumatatu ripoti ilisomwa, mameneja wa depo zote wakisikiliza kwenye mtandao. Ilipofika kwenye jina lako nikainua mkono. Nikasema mashine yake ilikuwa ya kwanza kila mwezi alipokuwa hai, na mimi ndiye niliyeiondoa, kwa mkono wangu, mara tatu. Meneja wetu aliangalia meza. Yule wa mauzo, yule niliyemsimamia kichwani, ndiye aliyeuliza kwa nini. Nikasema nilikuwa na majonzi, sikutaka kazi yake ifungwe. Nilingoja anirudishie maneno yangu ya mvivu na mlango. Akasema, "Pole, Shiro."

Nimepewa barua ya onyo, na kwa miezi sita orodha yangu itapitiwa na mtu mwingine kabla sijabonyeza chochote. Ni haki. Wewe ungenipa mwaka. Akaunti yako, ambayo mtaalamu alikuwa ameisimamisha kwa muda tu, niliifunga jana.

Ripoti imeandikwa upya. Jina lako halimo, langu limo. Niliichapisha nikampelekea Mama Nekesa, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka mwisho. Hakuniambia amenisamehe. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia yake, akasema Jumapili atakwenda nayo kanisani.

Lala vizuri, Baba Nekesa. Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kukulilia, maana bado. Ninachokuahidi ni kwamba nitakulilia kwa macho tu, na kazi nitaifanya.

Ni mimi,
Shiro