Rafiki Yangu Alisema "Dayme" Msibani

Bi Inshirah mpendwa,

Nisaidie kabla arobaini ya mtoto wa kaka yangu haijafika, maana nyumbani hawanisemeshi, kazini siwezi kurudi, na nikikaa peke yangu ndiyo kabisa.

Mimi ni mwongoza watalii, huku Palestina, upande wa Beit Jala, na kazi hiyo naifanya na Myahudi mmoja anaitwa Amnon, basi moja, vipaza sauti viwili, tunawachukua watu wa kwao na watu wa kwetu pamoja, tukifika kwenye magofu ya kijiji alikozaliwa babu yangu nasema mimi, tukifika kituo cha basi alipouawa shangazi yake kwa bomu anasema yeye, na sharti letu ni moja tu, mwenzako akisema unanyamaza mpaka amalize, halafu ndipo watu waulizane, wagombane, walie, na mchana tule wote. Kwa ajili hiyo majirani wananiita "mzoeshaji", yaani anayezoesha watu kuishi na dhuluma, na yeye kwao anaitwa msaliti, nasi tulikuwa tukicheka.

Amnon anajifunza Kiarabu kwangu. Ana bidii, ila masikio mazito. Kila akimaliza kahawa nyumbani kwangu anaweka kikombe chini na kusema kwa fahari, "Dayme!" yaani iwe hivi daima, kama nilivyomfundisha, na mke wangu hufurahi.

Basi Layth, mtoto wa kaka yangu Jawdat, kijana wa miaka kumi na tisa, akapigwa risasi na wanajeshi wa kina Amnon akitoka kuchuma zeituni. Siku ya pili ya matanga Amnon akaja, peke yake, kwa njia ya mashambani, na sheria yao inamkataza kufika kwetu, akaingia kwenye turubai la wanaume, nikamkalisha karibu yangu. Akaletewa kahawa chungu ya msiba. Akainywa yote, akaweka kikombe, akamtazama kaka yangu machoni, na kwa sauti ya mtu aliyelishika vizuri somo lake akasema, "Dayme."

Bi Inshirah, nilitamani ardhi inimeze. Mjomba wetu akasema, "Mmemsikia? Anatuombea matanga ya daima!" Mwingine akadakia, "Afadhali huyu kasema wazi, wenzake wanaficha." Jawdat akasimama, hakupiga kelele, heri angepiga, akaniambia, "Wasfi, mtoe huyo bundi wako." Na Amnon ananitazama tu, "Nimesema nini? Wasfi, ndugu yangu, nimesema nini?" nami nikamshika mkono nikamtoa nje kama mtu nisiyemjua, sikumjibu hata neno.

Sasa Jawdat anataka nichague, basi lile au ukoo wangu, na jibu atalitaka siku ya arobaini mbele ya watu wote. Amnon ameshaelezwa na mtu mwingine maana ya alichosema, ananipigia simu analia, anataka aje siku hiyohiyo aombe radhi. Najua hakukusudia. Lakini nitamteteaje na kaburi bado bichi? Nafikiri niachane naye tu, yaishe.

Wasfi

*

Wasfi mwanangu,

Mungu amrehemu Layth na ampe baba yake subira. Dawa ya hilo sina, na asikudanganye mtu kwamba anayo. Barua yako nimeilia kwanza, ndipo nikakasirika.

Umenisimulia ulimi wa mjomba, hasira za kaka na masikio mazito ya Amnon. Haya, neno lile alifundishwa na nani? Si wewe? Ukampa la kunywea kahawa ya furaha, la msibani hukumpa, na miaka yote mnazunguka pamoja kwenye magofu na makaburi! Mmesimulia habari za wafu wa zamani mpaka mkasahau kwamba watu bado wanakufa. Na alipokuuliza amesema nini, chini ya turubai lile kila mtu alijua isipokuwa yeye. Ungesema tu, "Jamani, amekosea, mwalimu wake ni mimi." Ukameza. Woga nauelewa, mwanangu, hata mimi huenda ningemeza. Ila usiuite amani.

Sasa nisikilize. Arobaini usiingoje. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mbele za watu kaka yako hataweza kurudi nyuma hata akitaka. Nenda kwake leo, peke yako, na kabla hajagusia la basi mwambie, "Neno lile ni langu. Nilimfundisha mimi, na nilinyamaza kwa woga." Basi. Usihubiri. Baba aliyezika mwanawe halazimiki kumwelewa mtu yeyote. Akikufukuza, toka. Kesho rudi.

Amnon asije arobaini, mwambie nimekataza mimi. Machozi yake ayalie kwao, msibani hatuendi ili tubembelezwe sisi. Siku Jawdat akikubali, hata kama ni mwaka ujao, ndipo aje, nawe safari hii mfundishe desturi nzima: mwenye haja haigusi kahawa kabla ya kukubaliwa. Iwekwe mbele yake, aseme lililomleta, asubiri. Jawdat akimwambia "kunywa", anywe. Asipomwambia, aiache ipoe, aage, aende zake, na hapo usimlaumu kaka yako.

Kazi usiiache, wala usiirudie sasa, kaa na msiba wako. Ukoo unaweza kukutenga hata ukisema kweli. Itakuuma, sikufichi. Lakini hiyo ya kunyamaza inakuuma sasa hivi, ndiyo maana umeniandikia.

Mwisho, mfundishe Amnon kusema "Mungu amrehemu" kwa Kiarabu chetu, mpaka ulimi wake uzoee. Nawe muulize kwao husemwa neno gani mtu akiingia nyumba yenye msiba, ulijifunze vizuri. Kwa haya tunayoyaona, Wasfi, mtayahitaji maneno yote mawili, na wala si mbali.