Mto Ulipomweka Heche

Utete, Rufiji
3 Machi 1957

Dada Boke,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, baba, mama na ndugu yetu Heche katika afya njema. Mimi ni mzima, ila mbu wa huku hawana adabu.

Nina heshima kukuarifu kwamba, baada ya kuhitimu Makerere, nimepewa kazi ya kupima delta ya mto Rufiji. Mto ukikaribia bahari, ardhi hulala na mwendo wake hupungua, hata hushindwa kubeba mzigo wake. Changarawe hutangulia kutua, kisha mchanga, mwisho matope laini. Miaka mingi ikipita, mzigo huo huwa visiwa, na mto hulazimika kugawanyika ili upate njia. Juu ya matope hayo watu huvuna mpunga bila mbolea, na samaki huzaliana katika mizizi ya mikoko. Tafadhali msomee baba, apate kujua kwamba ng'ombe aliowauza kwa ajili yangu hawakupotea bure.

Ndugu yako mtiifu,
Mogesi

Kewanja, Tarime
28 Aprili 1957

Mdogo wangu Mogesi,

Marahaba. Sisi tunapumua tu, siwezi kusema tu wazima. Barua yako niliisoma mbele ya wote. Heche alicheka sana, akasema, "Huyu anamwandikia dada yake au Bwana Shauri wa wilaya?"

Mogesi, kaa chini. Heche hayupo. Wiki iliyopita alikuwa anavusha ng'ombe kutoka upande wa Serengeti, mto Mara ukajaa ghafla. Ng'ombe walitoka. Yeye hakutoka. Tumetafuta kingo zote. Mama hali, wala halii. Anasema hawezi kumlilia mtu asiye na kaburi. Baba ameniambia niandike maneno yake kama yalivyo: "Wewe umesomea mahali mto unapoweka vitu. Mwanangu mto umemweka wapi?"

Dada yako,
Boke

Utete, Rufiji
15 Mei 1957

Dada Boke,

Shikamoo. Sijui niwaulizeje hali.

Mwambie baba hivi. Mara nayo ina delta yake, ijapokuwa haifiki baharini. Kabla ya kuingia ziwani hupoteza nguvu katika kinamasi cha mafunjo, juu kidogo ya kivuko cha Kirumi. Asiendelee kutafuta karibu na nyumbani. Maji ya masika yana nguvu mno, hayangemwacha huko. Aende kinamasini, awaulize wavuvi ni upande gani maji hutulia. Sina hakika, dada.

Mnisamehe. Naandika habari za Heche kwa maneno yale yale niliyoyaandika juu ya mchanga. Sikufundishwa mengine.

Ndugu yako,
Mogesi

Kewanja, Tarime
30 Juni 1957

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na upweke wa huko. Baba amerudi, miguu imevimba.

Alizungushwa kinamasini na mvuvi mmoja, Nyangwine. Kumbe Nyangwine alikwisha kumwopoa mtu kwenye mafunjo, akamzika kisiwani, akatunza mkanda wake. Baba alipoona kiraka alichokishona mwenyewe, hakuuliza zaidi. Matope yale hayana jiwe, lakini kaburi lina mawe matatu. Mke wa Nyangwine aliyaleta kwa mtumbwi, akamlilia mtu asiyemjua.

Wazee wetu walitaka Heche afukuliwe aletwe nyumbani. Baba akawajibu, "Nendeni kwanza mkamlilie kama alivyomlilia yule mama, ndipo mumchukue." Hakwenda mtu.

Sasa mama analia, afadhali. Lakini mvua ikinyesha anatoka nje, anasimama. Anaogopa maji yaliyomchukua yatamchukua tena. Anauliza: mto ule unaongeza udongo juu yake, au unauondoa? Mimi sijui. Mjibu wewe.

Dada yako,
Boke

Kirumi
6 Agosti 1957

Mama,

Shikamoo. Dada Boke akusomee polepole. Niliomba ruhusa kazini nikanyimwa. Nimekuja hivyo hivyo. Jumamosi nitakuwa nyumbani, lakini barua hii itangulie, usingoje jibu hata siku moja zaidi.

Nyangwine amenifikisha kisiwani. Mkondo wenye nguvu unapita mbali. Pale maji hutembea taratibu. Tangu Heche azikwe, mafuriko yamepita juu yake na kuacha udongo mpya, unene wa kiganja.

Unaongeza, mama. Nimeushika. Ni mwekundu, wa mashamba ya kwetu. Kila masika mto utautoa huko umletee.

Mwanao,
Mogesi