Uvimbe Si Nyasi za Kufukia

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi, na ulezi wa kule bondeni umetoka salama? Mimi huku Ujerumani mwili ni mzima. Baridi imeanza kung'ata, natembea nimevaa masweta juu ya masweta kama gunia la mahindi. Moyo ndio haujatulia tangu Jumapili.

Dada Sesilia alinipigia simu. Alikukuta unavua nguo ukaoge, akaona uvimbe kwenye titi lako, umeupaka udongo na kuubana kwa kitenge. Alipokuuliza, ukamjibu, "Nyasi tukizifukia kwenye tuta zinakosa hewa, zinaoza. Na hiki nimekifukia, kitaoza chenyewe." Jamani mama! Nilicheka, halafu nikalia. Jembe umelishika tangu usichana na tuta letu la Kifipa halijawahi kukuangusha, ungewaza nini kingine?

Lakini mama, uvimbe si nyasi. Kazi yangu hapa maabara ndiyo hiyo hiyo. Tunaotesha seli za saratani, tunaziweka kwenye kisanduku na kupunguza oksijeni, ile hewa tunayovuta, tuone zitafanyaje. Nyingine hufa, ni kweli. Zinazobaki ndizo balaa. Zinakuwa sugu, zinaita mishipa mipya ya damu ije izilishe, na nyingine zinahama kwenda kutafuta makao kwingine mwilini. Hata dawa na mionzi hupata taabu kuziua. Sisemi kitenge chako ndicho kilichoukuza, usije ukajilaumu bure. Uvimbe ukikua haraka, ndani kwake hewa hupungua yenyewe. Nasema tu kwamba hauuawi kwa kuubana. Na wako bado hatuujui, huenda si saratani kabisa. Lazima daktari achukue kipande apime.

Kinachoniuma ni hiki. Ugonjwa wa watu nisiowajua nautazama kwa hadubini kila siku, wa mama yangu nimeusikia kwenye simu. Miezi yote uliyouficha uvimbe huo tumeongea habari za mvua na mbolea, wala hukunigusia. Ningekuwa nyumbani ningekufulia kile kitenge, nikauona udongo. Najuta umbali huu, mama, najuta sana.

Sesilia yuko tayari. Pandeni basi hapo hapo Laela mwende hospitali ya rufaa Mbeya. Maharage yako ataangalia shangazi, nimeshaongea naye, kakubali huku ananigombeza kwa nini nimechelewa kumwambia. Msalimie sana, yeye na pombe yake ya ulezi. Msalimie na mjomba mchunga ng'ombe, umwambie aache kukushauri usubiri mavuno yaishe.

Tuta huwa tunalibomoa mvua zikianza, nyasi zikishaoza. Hiki usikisubirishe mvua. Kifukue kesho, mama, nikiwa bado nina mama wa kumwamkia.

Kitindamimba wako,
Skola