Picha za Amani kutoka Tripoli

Alhamisi

Mchana nilikuwa saluni namsuka mteja, simu ikaleta picha za mdogo wangu Amani akiwa Tripoli: tao la mawe la Warumi, soko la kale, ngome nyekundu, na yeye mwenyewe mbele ya bahari, anacheka kama mtalii.

Nikampigia palepale. "Amani, huko Libya unatalii nini?"

"Dada, nimeona niuone mji kabla sijaondoka. Kesho tunapanda boti ya kwenda Ulaya."

Amani hajui kuogelea. Kwetu Bukavu tulikaa kando ya ziwa, lakini mama hakumruhusu hata kulowesha magoti.

Mwaka jana aliomba kuja kwangu hapa Durban. Nilimwambia asije, maisha iko ngumu, wageni tunafukuzwa. Sikumdanganya. Lakini chumba changu kingetutosha wawili, na nilijua.

Leo nimemwambia, "Rudi. Njoo, tutabanana hapahapa." Nimemsihi hadi mteja akageuka kunitazama.

Akajibu, "Asante, dada. Mwaka jana ningekuja mbio."

Halafu akauliza kama picha zimetoka vizuri. Nikasema ndiyo, zimetoka vizuri.